Sinia Moja Bungoma

Kitu cha kwanza Hawo alichosikia kuhusu Mwalimu Nehemiah Wabwile ni kwamba mtu huyo hali kuku. Hakuambiwa dini yake wala kazi yake. Aliambiwa kuku. Kwao Wabwile ni Tongaren, kwa Wabukusu, na Mbukusu anayekataa kuku ni habari inayotembea kwa miguu yake kutoka soko moja hadi lingine. Watu walisema alikwenda India kijana mwenye mashavu, akarudi mifupa mitupu. Mama yake alimchinjia jogoo wa kumkaribisha nyumbani, akamtengea firigisi kwenye kisahani, maana firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Wabwile akashukuru, akakisukuma kisahani polepole hadi upande wa pili wa meza, akaomba sukuma wiki. Mama akaingia jikoni akalia kama aliyefiwa.

Mwenyewe alipenda kusimulia kisa hicho, na kila alipokisimulia alicheka. Ujanani alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha mbao cha Mhindi mmoja hapo Kitale. Mbao zilimharibu mgongo. Baba wa tajiri huyo, mzee mkongwe aliyeketi uani kila asubuhi amekunja miguu, alimwona akitembea kiuno upande, akamwita, akamwambia akae kama yeye. Akakaa. Mgongo ulipopona hakuacha kukaa. Mzee alipokaribia kufa aliwaagiza wanawe wampeleke kijana huyu India akamalizie alichoanza, nao wakatii. Aliporudi alikodi chumba hapohapo Kitale, juu ya ghala la mahindi, akatandika mikeka ya plastiki, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: YOGA, WATU WA DINI ZOTE.

Jumapili alikwenda kanisani kama alivyolelewa. Ijumaa, watu wakitoka kuswali, alisimama nje ya lango la msikiti akiwasalimia wazee mmoja mmoja. Wahindi wakimwalika hekaluni, alikwenda pia. Watu walimcheka kwa muda, kisha wakaanza kumwita panapotokea shida. Kuna wakati vijana wa mtaani walitaka kupigana kwa sababu mkesha wa kanisa ulifunika adhana ya alfajiri. Wabwile aliwapandisha wote chumbani kwake, akawakalisha mkabala, akawaambia wavute pumzi kimya. Walivuta pumzi mpaka hasira ikawachosha. Mmoja akaanza kusinzia, wengine wakacheka, na kesi ikaishia hapo.

Hawo hakwenda kwake kwa ajili ya amani. Alikwenda kwa sababu ya pumu. Alikuwa fundi wa nguo, anakaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nyuma ya msikiti, na vumbi la vitambaa lilimkaba mpaka anashika cherehani kwa mikono miwili akitafuta hewa. Dawa ilimsaidia kidogo. Mtu akamwambia kuna Mbukusu mmoja anafundisha watu kupumua. Alicheka alipoambiwa, kisha akaenda.

Alikuwa mwenye haya. Hakuwa amewahi kusema na mwanamume wa nje zaidi ya bei ya mshono. Siku ile alisimama mlangoni akiangalia chini, akasema maneno aliyokuwa ameyapanga njiani.

"Mwalimu, mimi sitaki kuabudu kitu. Nataka tu kupumua."

"Basi kaa tupumue," alisema Mwalimu.

Na ikawa kweli. Baada ya miezi kadhaa Hawo aliweza kushona tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kifua kulia. Wanawake wa ploti waliona. Mulki, jirani yake wa mlango kwa mlango, mama wa Aaliyah, mwanamke mwenye ulimi mkali na magoti mabovu, alimuuliza: "Huyo mtu wako wa pumzi, anaweza magoti?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa makubwa. Mulki alitaka, na wengine kumi na kitu walitaka, lakini hakuna aliyekuwa tayari kujinyoosha mbele ya mwanamume. Kakake Hawo, Abdihakim, aliyefundisha watoto madrasa, alimwambia waziwazi kwamba mchezo huo ni ibada ya watu wengine iliyovalishwa nguo ya mazoezi. Hawo alirudi kwa Mwalimu akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza. Alikubali kila kitu. Ile sauti ya Kihindi ya kuanzia akaiondoa kwa ajili yao, kila mtu aanze na jina la Mungu wake moyoni. Kule kukutanisha viganja wakakuacha. Na Jumatano ikawa ya wanawake wa msikitini, Mwalimu akikaa nyuma ya pazia la kitenge lililogawa chumba mara mbili.

Akawa anafundisha kwa sauti tu. "Vuta. Inua mkono wa kulia. Shusha bega." Kwa upande wa wanawake, Hawo ndiye aliyesimama mbele. Sauti ilitoka kwa Mwalimu, mwili ukawa wa Hawo. Na kwa kuwa wazee kama Bibi Dahabo hawakujua Kiswahili vizuri, Hawo aliwageuzia kila neno kwa Kisomali. Msichana aliyekuwa akiangalia chini sasa alisimama mbele ya wakubwa wake akiwaambia wanyooshe shingo, nao wakanyoosha.

Kwa Abdihakim alikwenda na neno moja. "Kaka, nimekaa na huyu mtu. Hawezi kutugusa kwenye dini yetu. Nakuhakikishia mimi."

Abdihakim aliuliza: "Wewe unahakikisha?"

"Mimi."

"Haya. Basi ni juu yako."

Mwaka wa 2005, mvua za kwanza zilipopungua, Mwalimu alialikwa Bungoma. Kulikuwa na mkutano wa amani uwanjani, makanisa mengi, wageni wa serikali, watu wa magazeti. Aliombwa alete watu wake wa Kitale, waoneshe yale mazoezi, kisha kubwa kuliko yote, waketi mchanganyiko wale kwenye sinia moja. Mwalimu alifurahi mpaka akawa hakai chini. "Watu wanahubiri umoja," aliwaambia, "lakini nani amewahi kuona Mkristo na Mwislamu wakichovya kwenye sahani moja mbele ya watu wote? Sisi tutawaonesha."

Jambo la nyama lilikuwa jepesi, au ndivyo Hawo alivyodhani. Huku kwetu mtu akiwa na sherehe ya watu wa kila aina humtafuta Mwislamu achinje, ili kila mmoja ale bila kuuliza. Arusi hufanya hivyo, shule hufanya hivyo, hata harambee za kanisa. Kitale mtu wa kazi hiyo alikuwa Zahid mwenye bucha karibu na msikiti. Ikapangwa Zahid ateremke Bungoma na gari la asubuhi, achinje mbuzi na kuku, halafu Festus, mpishi wa huko Bungoma, apike. Linah, mwanamke wa Kachibora aliyekuwa mwanafunzi wa Mwalimu wa siku nyingi na rafiki wa Hawo, atangulie tangu jana yake kusaidia jikoni.

Siku yenyewe jua lilitoka vizuri. Wanawake wa Hawo walikuwa na hamu na hofu pamoja. Walikaa chini ya turubai wakiwa wamevaa mabuibui mapya, mengi ameyashona yeye. Watu wa Bungoma waliwaangalia kwa mshangao wa adabu. Mazoezi yalikwenda sawa, wanaume mbele, wanawake wakabaki wamekaa wakipumua tu kama walivyokubaliana. Kisha masinia yakaletwa. Kila sinia watu wanne, wawili Waislamu na wawili Wakristo. Hawo na Mulki walikaa na Linah na mke wa mchungaji wa Kimilili, mama mnene mcheshi aliyesema, "Leo nitakula mpaka buibui hii yenu ndiyo inanitosha."

Mulki hakunyoosha mkono. "Nani amechinja?" alimuuliza Hawo kwa Kisomali.

Hawo aliinuka, akamfuata Mwalimu aliyekuwa amesimama karibu na masufuria, uso unang'aa kwa jasho na furaha.

"Mwalimu, nyama iko sawa?"

"Kuleni, Hawo," alisema. "Mambo yote yako sawa."

Akarudi. Wanawake wote walikuwa wakimwangalia, masinia mbele yao, mikono mapajani. "Zahid amechinja," aliwaambia. "Kuleni."

Wakala. Linah alikula kabeji na wali, akasema nyama inamsumbua tumbo. Mke wa mchungaji alimmegea Mulki paja la kuku, Mulki naye akamwekea kipande cha mbuzi, watu wa magazeti wakapiga picha, uwanja mzima ukapiga makofi. Mwalimu alikuwa akifuta machozi. Hawo alimwona, na machozi yakamtoka yeye pia. Njia nzima ya kurudi Kitale wanawake waliimba.

Miezi miwili mitatu ilipita. Picha ilitoka gazetini, Mulki ameonekana nusu ya uso, na hata Abdihakim alilitazama lile gazeti bila kusema baya. Kule msikitini watu walianza kumsalimu Hawo kwa namna nyingine.

Siku moja alikwenda bucha kwa Zahid kununua matumbo. Akiwa anasubiri, akasema kwa furaha tu ya kusema, "Zahid, kazi yako ya Bungoma bado watu wanaiongea."

Zahid alikuwa akifuta kisu. "Bungoma gani tena?"

"Si ile ya mkutano."

"Aa, hiyo sikufika bana. Gari ilikufa Kamukuywa. Tulisukuma mpaka tukachoka. Nikampigia Mwalimu simu, akasema basi nirudi tu, ati watajipanga."

"Walijipanga na nani?"

"Sijui. Nilidhani wamechukua mtu wa msikiti wa huko. Si wako wengi?" Akamwangalia. "Kwani ni nini?"

"Hakuna," alisema Hawo. Alichukua matumbo akatoka, na hakujua amefikaje nyumbani.

Jumamosi Linah alishuka kutoka Kachibora kuuza kabeji sokoni. Hawo alimkuta nyuma ya magunia yake akiita wateja. Alingoja mpaka wateja walipopungua.

"Linah, nataka kukuuliza kitu, na wewe usinidanganye. Bungoma nani alichinja?"

Linah aliacha kabeji iliyokuwa mkononi mwake ikaanguka kwenye nyingine.

"Festus," alisema.

"Festus ni Mkristo."

"Ndio. Saa ilikuwa imeenda, Hawo. Wageni wamekaa. Festus akauliza, Mwalimu, tutafanya nini, maji yamechemka. Nikasema mimi niende msikiti wa town, si mbali, hata boda boda ya baiskeli ingefika. Mwalimu akasema tutachelewa. Akasema, Festus ni mtu wa maombi, omba kisha uchinje. Festus akaomba. Akachinja."

"Na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Ukakaa na mimi kwa sinia. Ukaniona."

"Nilikuona." Linah alikuwa ameshika pindo la aproni kwa mikono yote miwili. "Mwalimu aliniambia nisiseme, ati ni kitu kidogo, itaharibu siku kubwa. Nikasema nitakukanyaga mguu. Halafu ukaweka mkono kwa sahani, nikakosa nguvu. Mimi sikula, Hawo. Sikuweza hata kumeza."

"Hukula," alisema Hawo. "Mimi nilikula."

"Unajua kitu kilinichoma zaidi ni nini? Ile maharagwe ya Mwalimu. Tuliipika kando. Sufuria yake, mwiko wake. Aliniambia, Linah, chunga huo mwiko usiguse mchuzi wa nyama. Nikauchunga hivyo hivyo mpaka mwisho."

Mteja alifika akauliza bei ya kabeji. Linah hakumsikia. Hawo aliondoka akawaacha hapo.

Mchana huohuo alipanda ngazi za ghala. Mwalimu alikuwa peke yake, anafagia chini ya mikeka. Alitabasamu alipomwona, kama kawaida yake, tabasamu la mtu aliyefurahi kweli.

"Mwalimu, nani alichinja Bungoma?"

Hakusita. Hilo Hawo alilikumbuka baadaye. Hakutafuta uongo. "Festus."

"Ukaniambia Zahid."

"Sikukuambia Zahid, Hawo. Uliniuliza kama nyama iko sawa. Nikasema iko sawa. Kwangu ilikuwa sawa."

"Wewe huli nyama."

"Ndiyo maana naona vizuri. Mimi kwangu nyama yote ni moja, ni mnyama amekufa. Kisu ni kisu. Festus alimwita Mungu kabla ya kukata, nilimsikia kwa masikio yangu. Mungu si ni mmoja? Si hayo ndiyo tumesema miaka hii yote?"

"Tumesema kila mtu na njia yake."

"Njia nyingi, lakini zinakwenda pahali pamoja."

"Mngetuwekea wali na kabeji tukala. Mimi ningekula maharagwe yako."

"Na sinia?" Mwalimu alisimamisha ufagio. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimuumiza Hawo kuliko kama angepiga kelele. "Watu walikuja kuona sinia moja. Mngekaa upande wenu na kabeji, Wakristo upande wao na nyama, tungekuwa tumeonesha nini? Uliona watu walivyolia? Ule mchana ulifanya kazi ambayo mahubiri ya miaka hayajafanya."

Hawo aliegemea ukuta. Alikuwa amekuja akitumaini atakuta kosa, haraka, woga wa wageni, jambo la kuombewa msamaha. Hapakuwa na kosa. Mwalimu alikuwa amefikiri, akaamua.

"Wale wanawake walikuja kwa neno langu," alisema. "Uwaambie."

"Nitawaambia. Lakini ngoja kidogo. Mwezi ujao wanakuja watu wa Mlima Elgon, wale wanaogombania mashamba. Wakisikia maneno haya sasa, kila kitu kinavunjika. Na wewe na kaka yako, nani atakusikiliza tena? Nakuhurumia wewe pia, Hawo."

"Jumatano hii," alisema Hawo. "Usiposema wewe nitasema mimi."

Mwalimu alifikiri, kisha akainamisha kichwa. "Sawa. Jumatano. Pengine ni vizuri wajue."

Jioni hiyo alikwenda kwa Abdihakim, akamweleza akiwa amesimama mlangoni, hataki kukaa. Alitarajia aambiwe si nilikwambia. Abdihakim hakusema hivyo. Alivua kofia akaiweka gotini.

"Waliokula hawakujua. Hawana dhambi," alisema. "Lakini wewe sasa unajua."

"Mwalimu atawaambia Jumatano."

"Mwalimu," alisema Abdihakim, akavaa kofia yake tena.

Jumatano wanawake walikuja kama siku zote, wakavua viatu ngazini, wakatandika leso juu ya mikeka. Mulki alikuwa anatania mtu kuhusu mume wake. Nyuma ya pazia Mwalimu akakohoa kidogo, kama alivyofanya kila mara kuwaambia yuko tayari.

"Leo hatuanzi na mazoezi," sauti ilisema. "Nina neno. Hawo, naomba uwageuzie wazee."

Hawo alikuwa amesimama mahali pake, mbele.

"Mnakumbuka Bungoma. Siku ile Zahid hakufika, gari lilimharibikia. Aliyechinja ni Festus, ndugu Mkristo."

Hawo aligeuza kwa Kisomali, neno kwa neno. Bibi Dahabo akaweka kiganja mdomoni.

"Mimi nilijua, na sikuwaambia. Sasa nataka mtulie, msikilize kwa moyo." Sauti ikawa laini, ile sauti aliyoitumia kuwalaza chini mwishoni mwa mazoezi, na Hawo akasikia kwamba mtu huyo anatabasamu. "Mlikula. Mkaimba njia nzima. Mkalala, mkaamka salama. Ni nini kilibadilika ndani yenu? Mungu wenu aliwaacha? Hakuwaacha. Basi mmeona wenyewe kwamba kile tunachokiogopa ni ukuta tuliojijengea. Mlivuka ukuta huo bila kujua. Ningewaambia siku ile, msingevuka. Nyinyi ndio somo langu kubwa kuliko yote."

Akangoja tafsiri. Hawo hakuigeuza.

"Anasema nini?" aliuliza Bibi Dahabo. "Hawo, anaomba msamaha?"

Hawo alifungua mdomo. Alikuwa amewageuzia maneno ya mtu huyu kila wiki, bega, shingo, pumzi, na hajawahi kupunguza wala kuongeza. Sasa hakupata namna ya kuyapitisha hayo kinywani mwake.

"Hapana, bibi," alisema kwa Kisomali. "Haombi msamaha. Anasema alitufundisha."

Kisha akaligeukia pazia, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Mwalimu. Maharagwe yako yalipikwa kwa sufuria gani?"

Nyuma ya pazia mkeka ulikwaruza sakafu.

"Na mwiko wake. Uliambia Linah auchunge usiguse mchuzi wa nyama. Kwa nini? Si kisu ni kisu? Si mwiko ni mwiko?"

"Hiyo ni nadhiri yangu, Hawo," sauti ilisema. Haikuwa ikitabasamu tena. "Nilimwahidi mzee wangu, yule aliyenifundisha kukaa."

"Na sisi tuna wetu tuliyemwahidi."

Wanawake walianza kuinuka. Walikusanya leso kimya kimya, mmoja akatema mate kwenye kitambaa chake akakikunja. Hakuna aliyepiga kelele. Wangepiga kelele, ingekuwa rahisi. Bibi Dahabo alishikwa mkono kushuka ngazi. Mulki alibaki wa mwisho, akihangaika na buti zake za mvua kwa sababu ya magoti, na Hawo akainama kumsaidia. Mulki akauvuta mguu wake.

"Usinivalishe kiatu."

"Dada Mulki, mimi pia sikujua. Walaahi."

"Huyo mtu mimi simjui. Mwaka mzima nimesikia sauti tu. Nilikuuliza wewe nani amechinja, kwa lugha ya mama yangu. Ukaniambia Zahid. Yeye hata hakunidanganya mimi. Ni wewe."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani." Mulki alifanikiwa kuvaa kiatu. "Ndiyo hiyo nakwambia."

Akashuka ngazi moja moja, akishikilia ukuta.

Siku zilizofuata Hawo alizitumia kuzunguka nyumba za wale ambao hawakuja Jumatano hiyo, awaambie mwenyewe kabla hawajasikia barabarani. Kila nyumba alisema maneno hayohayo: mlikula kwa neno langu, na neno langu halikuwa kweli. Wengine walimkaribisha chai. Wengine walimsikiliza mlangoni, wakasema haya, wakafunga. Kazi ya nguo ilipungua. Walipeleka vitambaa kwa fundi mwingine karibu na stendi, mwanamume, na hawakumwambia kwa nini.

Mkutano wa watu wa Mlima Elgon ulifanyika kama ulivyopangwa. Linah alikuwepo. Alikuja kwa Hawo baadaye, akakaa kwenye kizingiti bila kualikwa ndani, akasema imemlazimu aje kwa sababu hii pia asingeweza kuinyamazia.

"Aliwaambia hadithi yenu," alisema. "Hakutaja majina. Ati kuna wanawake wa Kiislamu, Kitale, walivuka ukuta wao kwa sahani moja ya nyama. Watu wakapiga makofi. Hawo, alimaliza hapo. Jumatano hakuitaja kabisa."

Hawo aliendelea kukata kitambaa. Mkasi ulikwenda nje ya mstari wa chaki, akasimama.

"Ungeniambia siku ile," alisema. "Ungenikanyaga mguu, Linah. Ni mguu tu."

Linah alilia kidogo, kisha akaondoka. Hawo hakumfuata, ingawa alisikia hatua zake mpaka zikafika lango la ploti.

Ilikuwa Desemba, msimu wa mahindi, malori yamejaa mjini, Mwalimu Wabwile alipopita mbele ya cherehani yake barazani. Alikuwa amevaa shati lake jeupe, mwembamba vilevile, uso uleule mwema. Alisimama.

"Salaam aleikum, Hawo."

"Waaleikum salaam," alijibu Hawo.

Uso wa Mwalimu ukafunguka. Akaketi kwenye benchi la wateja, akakunja miguu kwa mazoea. "Nilijua," alisema. "Nilimwambia Linah, Hawo hawezi kukaa na uchungu, roho yake ni nyeupe. Kile chumba kiko vilevile. Pazia sijalitoa. Tukianza tena hata wawili watatu, wengine watarudi. Mimi sina neno na mtu."

"Nimejibu salamu, Mwalimu," alisema Hawo. "Salamu ni lazima ijibiwe, hata iwe ya nani."

Mwalimu alicheka, kama mtu aliyeambiwa utani mzuri, akajiweka vizuri zaidi benchini. Alianza kueleza kuhusu mwaliko mwingine, safari hii Nairobi, na jinsi watu wa huko wangependa kumwona mwanamke kama yeye akisema mwenyewe mbele yao.

Hawo hakuwa anamsikia. Kando ya nguzo ya baraza alisimama Mulki, kitambaa cheusi kwapani, ambaye hakuwa amefika hapo tangu Jumatano ile. Alikuwa amesimama akimwangalia aliyekaa benchini. Hakusogea mbele, hakurudi nyuma. Alingoja.

Hawo alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mwalimu, inuka," alisema. "Hapo ni pa mteja."

Mwalimu alikuwa katikati ya sentensi. Aliangalia huku na huku, akamwona Mulki, akamsalimia kwa kichwa, akangoja pengine mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Akateremsha miguu, akavaa ndala zake, akainuka.

Mulki hakuketi mpaka alipomwona amevuka barabara. Ndipo akaliendea benchi, akalifuta kwa pindo la buibui, akakaa kwa taabu ya magoti yake, akaweka kitambaa juu ya meza.

"Buibui ya Aaliyah," alisema, bado hamwangalii usoni. "Amerefuka. Pima vizuri."

"Mlete basi nimpime mwenyewe."

"Nitamleta."

Hawo alikunjua kitambaa, akakipapasa kuona upande wake wa nje.